Jinsi ya Kumpatia Mbwa Uliyemwokoa Nyumba Atakayodumu Nayo: Mwongozo Kamili

Lalamiko huwa lilelile. Mtu amemwokota mbwa, amemlisha, amempeleka kwa daktari, na amepata familia iliyompenda siku ileile ilipomwona. Wiki mbili baadaye simu inaita: "Njoo umchukue mbwa wako." Amemng'ata mtoto, ameua kuku, analia usiku kucha, au ameruka ukuta na hajulikani aliko.

Mara nyingi familia ile haikuwa na ubaya wowote, na mbwa naye hakuwa mkorofi. Aliyemtoa hakuwa amemjua mbwa wake vya kutosha, na aliyempokea hakuulizwa yale aliyopaswa kuulizwa. Ndiyo maana hatua ya 3 na ya 6 hapa chini zimeelezwa kwa kirefu. Hizo ndizo watu huzikimbia, na hapo ndipo mambo huharibikia.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kola yenye kibati cha namba yako ya simu. Vidole viwili vipite kati ya kola na shingo. Ikilegea zaidi ya hapo, kichwa kitachomoka.
- Mkanda wa kifuani na kamba imara ya kumtembezea, urefu wa mita 1.5 hadi 2.
- Mahali pa kumtenga: chumba, banda au kizimba chenye kivuli, hewa na mlango unaofungika.
- Bakuli la chakula, bakuli la maji, na blanketi moja litakalokuwa lake peke yake.
- Daftari. Utaandika humo kila siku.
- Simu yenye kamera na kinasa sauti.
- Orodha ya maswali na mkataba wa ukurasa mmoja (yaliyomo yanaelezwa mbele).
- Mtu wa akiba aliyekubali kumpokea mbwa kwa muda endapo utaugua au kusafiri.

Jipe pia muda. Kwa mbwa mzima asiye mgonjwa, panga wiki nne au zaidi kabla ya kumkabidhi. Kama ni mtoto wa mbwa ambaye bado ananyonya, asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki nane. Akitolewa mapema mno hukosa kujifunza kwa mama na ndugu zake namna ya kuzuia meno anapocheza.

## Hatua ya 1: Hakikisha hana mwenyewe

Mbwa mchafu na mwenye njaa anaweza kuwa amepotea tu. Kagua shingo uone kama kuna alama ya kola. Kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo apitishe kifaa cha kusoma chipu ya utambulisho, ambayo huwekwa chini ya ngozi, kwa kawaida kati ya mabega, na mara nyingi hubeba namba ya tarakimu 15.

Tangaza kwamba umempata, lakini usitoe kila alama. Bakiza moja moyoni: kovu tumboni, doa jeupe kwenye ukucha. Atakayejitokeza na kusema mbwa ni wake aitaje mwenyewe.

Uliza ofisi ya mifugo au serikali ya mtaa wako ni siku ngapi unapaswa kusubiri kabla ya kumpa mtu mwingine. Sheria hutofautiana, na ukiivunja unaweza kumpa mtu mbwa ambaye baadaye atadaiwa.

Umefaulu ikiwa: muda uliotakiwa umepita na hakuna aliyethibitisha umiliki.

## Hatua ya 2: Mtenge, kisha mtibu

Usimwachie mara moja achanganyike na mbwa wako wengine. Mpe siku 14 za peke yake. Virusi vya parvo, vinavyoua hasa watoto wa mbwa kwa kuhara damu na kutapika, huonyesha dalili kwa kawaida ndani ya siku 3 hadi 7 na wakati mwingine hadi 14. Virusi hivyo hukaa udongoni miezi mingi na sabuni ya kawaida haiviui. Safisha kwanza uchafu, kisha pitisha dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, uiache dakika kumi.

Kama amekonda sana, usimjazie bakuli. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu unaweza kushtuka vibaya ukipata chakula kingi kwa mkupuo. Mpe kidogo mara nne hadi sita kwa siku, ukiongeza polepole, na daktari akupangie kiasi.

Kwa daktari, hakikisha yanafanyika haya:

- Minyoo, kupe na viroboto. Kupe hueneza magonjwa ya damu, kwa hiyo mbwa aliyejaa kupe na mwenye ufizi mweupe apimwe damu.
- Ngozi. Baadhi ya upele unaosababishwa na utitiri huambukiza watu. Vaa glavu hadi daktari aseme umekwisha.
- Chanjo. Watoto wa mbwa huanza wakiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka watimize wiki 16 au zaidi. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki 12, na hurudiwa mwaka mmoja baadaye.
- Kuhasi au kufunga kizazi. Fanya kabla ya kumtoa. Usiridhike na ahadi ya mpokeaji kwamba atafanya. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63 tu, na mwenye nia njema anaweza kuchelewa kidogo akajikuta na watoto saba. Dume aliyehasiwa leo bado anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa, kwa hiyo asiwekwe na jike mwenye joto.

Onyo. Ukiumwa na mbwa ambaye hujui historia yake, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua. Mbwa mwenyewe afungiwe na kuangaliwa siku 10. Katika muda huo asiende kwa mtu yeyote.

Umefaulu ikiwa: anakula vizuri, choo chake ni kigumu, hajikuni mfululizo, mbavu zinashikika kwa vidole bila kuonekana zimetokeza, na una kadi yenye tarehe na mhuri wa daktari.

## Hatua ya 3: Mjue mbwa wako

Mbwa anayelala kimya pembeni siku tatu za kwanza, asiyebweka wala kuomba chochote, huwavutia watu sana. "Ana adabu huyu." Mara nyingi mbwa huyo amejaa hofu. Akishapata usalama, baada ya wiki moja, mbili, hata tatu, ndipo utamwona alivyo: anaruka, anabweka, analinda bakuli lake, anafukuza paka. Ukimtoa akiwa bado ameganda kwa hofu, familia mpya ndiyo itakayokutana na mbwa halisi, bila kuandaliwa.

Andika kila siku kuhusu mambo yafuatayo.

Chakula. Weka bakuli, rudi nyuma hatua kadhaa, kisha pita kwa mbali ukiwa umemwangalia kwa pembeni. Mbwa asiye na wasiwasi huendelea kula huku mkia ukiwa umelegea. Anayelinda chakula chake hutoa ishara ndogo kabla ya kunguruma: anaacha kutafuna, mdomo bado umo ndani ya bakuli, mgongo unakakamaa, na jicho linakufuata bila kichwa kugeuka hadi weupe wake unaonekana. Ishara hiyo hudumu sekunde moja au mbili. Ukiiona, simama, rudi nyuma, na uiandike. Usijaribu kumnyang'anya bakuli ili "azoee". Utamfundisha kwamba hofu yake ilikuwa na sababu.

Kuguswa. Anza na kifua na mabega. Angalia anavyopokea mkono kichwani, kwenye masikio, kwenye miguu. Kulamba midomo, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza uso na kufyata mkia ni maneno yake ya kusema "imetosha".

Mngurumo. Usimpige wala kumkemea kwa kunguruma. Mngurumo ni onyo, na mbwa aliyeadhibiwa kwa kuonya hujifunza kung'ata bila kuonya. Huyo ndiye mbwa wa hatari kuliko wote.

Watoto. Usimtumie mtoto kama kipimo. Mpeleke mbwa, akiwa kwenye kamba, mahali ambapo watoto wanacheza kwa mbali, na umwangalie yeye: analegea, anatafuta pa kujificha, au anakaza macho bila kupepesa? Kama hujui, andika "sijui". Usiandike "anapenda watoto" kwa sababu hajawahi kumng'ata mmoja.

Wanyama wengine. Kuku, paka, mbuzi, mbwa wenzake. Kila mara awe kwenye kamba, kila mara kwa mbali kwanza. Mbwa anayewatazama kuku kisha akakugeukia unapomwita anafundishika. Anayekaza mwili, akatetemeka na asisikie hata jina lake, asiende kwenye nyumba yenye kuku.

Kuachwa peke yake. Washa kinasa sauti cha simu, mfungie mlango, ondoka dakika 20. Mbwa wengi hulia kidogo kisha hulala. Ukirudi ukakuta mlango umekwaruzwa, sakafu imelowa mate, na rekodi ni kilio cha mwanzo hadi mwisho, una mbwa asiyeweza kuachwa. Hilo linaweza kurekebishwa kwa kumzoesha taratibu, kuanzia dakika chache na kuongeza, lakini mpokeaji lazima ajue. Mtu anayetoka asubuhi na kurudi jioni hamfai, hata awe na moyo wa dhahabu.

Ukuta na mlango. Anaruka? Anachimba? Anachomoka mlango ukifunguliwa kidogo? Pima urefu aliouruka uandike.

Umefaulu ikiwa: unaweza kujibu, bila kubahatisha, mambo matatu yanayomtisha mbwa huyu, mambo matatu yanayomfurahisha, na aina moja ya nyumba ambayo haimfai kabisa.

## Hatua ya 4: Mfundishe machache ya msingi

Hahitaji mbwembwe. Aitike jina lake, atembee na kamba bila kukuvuta mkono, ajisaidie nje, na akubali kuingia kizimbani. Mpe kipande kidogo cha chakula papo hapo anapofanya sawa, vipindi vya dakika tano mara chache kwa siku.

Kujisaidia ndani humalizwa na ratiba: mtoe nje anapoamka, baada ya kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Kumsugua pua kwenye mkojo wake humfundisha tu kukojoa mahali usipomwona.

## Hatua ya 5: Andika tangazo la kweli

Piga picha mchana, karibu na mlango au nje, huku umechuchumaa hadi kamera ilingane na macho yake. Picha zinazofanya kazi ni tatu: uso, mwili mzima kutoka ubavuni, na moja akiwa na mtu ili ukubwa wake uonekane. Video fupi akitembea na kamba ni bora zaidi. Usiweke picha ya siku uliyomwokota akiwa na vidonda kama picha ya kwanza. Huruma huleta simu nyingi, na wengi wanaopiga kwa huruma hawajafikiria ukuta wao una urefu gani.

Maandishi yafanane na haya:

*"Tomi ni dume, amehasiwa, kilo 18, daktari anamkadiria miaka 3. Amekamilisha chanjo. Anatembea vizuri na kamba, hajisaidii ndani, analala usiku kucha. Hapatani na kuku wala paka. Wanaume wageni huwaogopa kwa saa za mwanzo, kisha huzoea. Ukuta wa mita moja huuruka. Anafaa nyumba ya watu wazima yenye uzio mrefu, ambako mtu hushinda nyumbani sehemu kubwa ya mchana."*

Utapata simu chache kuliko ukiandika "mbwa mzuri anatafuta upendo". Hizo chache ndizo unazozitaka.

Usiandike "bure". Mbwa wa bure huwavuta wanaotaka kumuuza tena, kumzalisha, au kumtumia kwenye mapigano ya mbwa. Omba mchango wa gharama za chanjo na upasuaji, na umwonyeshe mpokeaji risiti.

## Hatua ya 6: Wahoji wanaomtaka

Hapa ndipo aibu huwashinda wengi. Mtu amekuja na moyo mweupe, amebeba hadi kamba mpya, utamhojije kama mahakamani? Mhoji. Fanya kwa heshima, ukimweleza kwamba unamuuliza kila mtu, na kwamba unatafuta nyumba inayomfaa mbwa huyu.

Epuka maswali ya ndiyo na hapana. Ukiuliza "Una muda wa kumtunza?" utajibiwa "ndiyo" na watu wote duniani. Uliza hivi:

- "Nielezee siku yako ya kawaida, tangu kuamka. Mbwa atakuwa wapi saa nne asubuhi? Saa kumi jioni?"
- "Mbwa uliyekuwa naye mwisho aliishia wapi?" Kisha nyamaza, usikilize. Kufa kwa uzee au ugonjwa ni jibu la kawaida. Watatu mfululizo "walipotea" ni jibu la kukufanya uulize zaidi kuhusu uzio.
- "Nyumbani mpo wangapi, na nani hataki mbwa?" Karibu kila nyumba ina mmoja. Zungumza na huyo kabla ya kumkabidhi mbwa, maana mara nyingi ndiye atakayesema arudishwe.
- "Ukisafiri, nani atamlisha?"
- "Akitafuna viatu vyako wiki ya kwanza, utafanya nini?" Sikiliza kama kuna kipigo ndani ya jibu.
- "Nyumba ni yako au umepanga? Mwenye nyumba amekubali?" Kama amepanga, omba kuongea na mwenye nyumba.
- "Akiugua, utampeleka kwa daktari gani?"

Kataa bila kujieleza sana ukiona haya: anataka kuondoka na mbwa leo hii, hataki kutembelewa, anauliza tu kama ni mkali, anasisitiza jike ambaye hajafungwa kizazi, anamchukua awe zawadi ya kushtukiza kwa mtu mwingine. Anayetaka mlinzi wa kufungwa mnyororo usiku na mchana naye mkatalie. Mbwa aliyefungwa muda wote huzidi kuwa na hofu, na hofu ndiyo inayong'ata.

Umefaulu ikiwa: umelinganisha majibu yake na daftari lako la hatua ya 3, na hakuna mahali yanapogongana.

## Hatua ya 7: Tembelea nyumba

Zunguka uzio wote kwa miguu, ukiangalia chini kama kuna mwanya na juu kama kuna kitu cha kukanyagia. Angalia geti linavyofungwa na nani hulifungua mara kwa mara. Uliza atalala wapi, uonyeshwe mahali penyewe.

Kama kuna mbwa mwingine, wasikutanishwe ndani ya nyumba yake. Watembezeni barabarani, kila mmoja na mtu wake, wakielekea upande mmoja huku kuna nafasi kati yao, na kuisogeza kidogo kidogo kadiri wanavyolegea. Kunusana sekunde tatu, kuwaita, kuendelea kutembea. Uso kwa uso huku kamba zimekazwa ni njia ya haraka ya kuanzisha ugomvi.

## Hatua ya 8: Mkataba na majaribio

Ukurasa mmoja unatosha. Uwe na majina na sahihi za pande zote mbili, maelezo ya mbwa na namba ya chipu kama anayo, kipindi cha majaribio cha wiki mbili hadi nne, na masharti haya: hatauzwa wala kupewa mtu mwingine, atapata chanjo zake kwa wakati, na akishindikana kwa sababu yoyote, hata baada ya miaka, atarudishwa kwako.

Sharti hilo la mwisho ndilo la muhimu kuliko yote. Lisome kwa sauti mbele yake. Mtu anayejua mlango wako uko wazi hatamtupa mbwa njiani kwa kuona haya.

Majaribio yakimalizika salama, na kama mbwa ana chipu, badilisheni jina la mmiliki kwenye usajili wa chipu. Chipu yenye namba ya simu ya mtu asiye na mbwa haimsaidii mbwa aliyepotea.

## Hatua ya 9: Siku ya kumkabidhi

Mpeleke asubuhi, ili awe na mchana mzima wa kuzoea kabla ya giza. Chagua siku ambayo mpokeaji ana mapumziko ya siku mbili tatu mbele yake. Beba chakula alichozoea cha wiki moja, kwa sababu kubadilisha chakula ghafla huharisha. Beba na blanketi lake bila kulifua. Harufu yake itamtuliza usiku wa kwanza.

Hatari ya kutoroka ni kubwa zaidi siku hizi za mwanzo. Avae kola na mkanda wa kifuani, kila kimoja na kamba yake, hadi geti lifungwe nyuma yenu.

Mwachie mpokeaji maelekezo ya siku tatu za kwanza: hakuna wageni, hakuna kuogeshwa, hakuna kubebwa na watoto, na asifunguliwe kamba mahali pasipo na uzio. Aonyeshwe pa kujisaidia, pa kulala na penye maji, kisha aachwe. Asipokula siku ya kwanza, wasiogope. Akimaliza siku mbili bila kula, au akikataa hata maji, waende kwa daktari.

Aga kwa kifupi, uondoke.

## Hatua ya 10: Fuatilia, na uwe tayari kumpokea tena

Piga simu siku inayofuata, siku ya tatu, mwisho wa wiki, mwisho wa mwezi, na miezi mitatu baadaye. "Anaendeleaje?" itakupa "salama" tu. Uliza: amelala wapi jana? Amekula mara ngapi? Nani anamtembeza? Kuna mtu aliyengurumiwa naye? Omba picha, na uangalie mkia na masikio yake, usiishie kwenye macho.

Matatizo mengi ya mwezi wa kwanza hutatulika kwa simu moja. Anakojoa ndani: rudini kwenye ratiba ya hatua ya 4. Analia usiku: kisogezeni kitanda chake karibu na chumba cha watu, kisha mkirudishe taratibu. Ananguruma akila: ale peke yake, mlango umefungwa, watoto mbali. Akimng'ata mtu, mchukue siku hiyohiyo, umrudishe kwenye siku 10 za kuangaliwa, na umwite daktari.

Akirudishwa, mpokee bila kumlaumu mtu. Kaa na aliyemrudisha nusu saa, muulize kilianza nini, saa ngapi, nani alikuwepo, mbwa alikuwa amefanya nini dakika moja kabla. Andika yote. Mpe mbwa siku chache za kupumzika, fungua daftari kwenye hatua ya 3, ongeza ulichokipata, kisha badilisha tangazo kabla ya kulitoa tena.